Tuba, Baba Mdogo na Jirani wa Yorkshire

Mtu anayetumwa kununua tuba, yaani lile tarumbeta kubwa la besi, iliyomzidi umri hupewa masharti mengi kuliko bwana harusi. Ninaishi Leeds, katika eneo la Yorkshire huko Uingereza, na kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu kule Moshi kilikuwa kimechanga fedha za kununua besi, kwa kuwa ile waliyokuwa nayo ilivuja hewa kila mahali isipokuwa pale ilipopaswa kutokea. Msimamizi wa kikundi ni baba yangu mdogo, ambaye anaamini kwa dhati kwamba wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walileta Injili na tarumbeta kwa uzito uleule. Alinisomea maagizo kwa simu, taratibu, kama anayesoma matangazo ya ndoa. Nimulike ndani ya bomba linalopokea pumzi, na nikiona madoa ya rangi ya waridi niondoke bila kuaga, kwa sababu hapo zinki imeshaliwa na shaba iliyobaki itamomonyoka. Nivute bomba la kila vali, yaani kitufe kinachoelekeza hewa, bila kubonyeza vali yenyewe, likitoka kwa mlio wa "po!", vali inashika hewa. Na nisilipe hata senti kabla wao hawajaisikia.

Muuzaji alikuwa mzee mstaafu aliyewahi kupiga besi katika bendi ya wachimbaji wa makaa ya mawe, bendi ambazo Yorkshire ilikuwa nazo karibu kila penye mgodi. Nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile zilizojengwa kwa mfululizo, ukuta mmoja kwa familia mbili. Tuba yenyewe ilikuwa ya Es (E-flat), yenye vali tatu, iliyopakwa fedha, na iliyotengenezwa London kabla ya Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilianza kuitetea kabla haijashtakiwa. Madoa ya waridi hayakuwapo. Nikaegemeza simu kwenye birika la chai na kupiga Moshi kwa video.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Puliza."

Nikapuliza noti moja ndefu, na kikundi kizima kikaijibu kutoka Moshi kwa noti ileile. Angalau ndivyo tulivyokusudia. Kilichotokea ni mtetemo wa kuumiza meno, sauti mbili zikisukumana mlangoni bila hata moja kukubali kupisha. Ukuta wa jirani ukagongwa mara tatu. Baba mdogo akalaumu mtandao, kisha akalaumu baridi ya Uingereza, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba baridi hushusha sauti ya tarumbeta wala haiipandishi, na hii yangu ilikuwa juu.

Mzee akamaliza kwanza chai yake, ndipo akaona inafaa kutueleza. Mkutano wa mwaka 1939 uliofanyika London ulikubaliana kwamba noti ya A, ambayo vyombo hulinganishia sauti, iwe na mitetemo 440 kwa sekunde, lakini bendi za tarumbeta za Uingereza ziliendelea na kiwango chao cha takriban 452.5 hadi katikati ya miaka ya 1960. Tuba hii ilizaliwa katika kiwango hicho cha juu, yaani imezidi kwa karibu nusu ya nusu toni. Dawa yake ni kuirefusha. Bomba lake lina urefu wa takriban mita nne, hivyo zinahitajika kama sentimita 11 za ziada, na kwa kuwa bomba la kurekebishia sauti lina miguu miwili, huvutwa nusu ya hizo. Mabomba ya vali nayo huvutwa kwa kadiri yake.

Yote yalikubali isipokuwa la vali ya tatu, ambalo lilikuwa limeganda. Mzee akalipitishia taulo la jikoni, akakanyaga mguu wa kochi, na akaniagiza nikumbatie tuba kwa nguvu zangu zote, domo lake likiwa limenifunika hadi masikioni. Alihesabu kwa sauti moja, mbili, na kabla ya tatu akavuta.

PO!

Mzee akaishia kwenye kochi akiwa na bomba mkononi. Mimi nikaishia zuliani, na maji meusi ambayo sitaki kujua yalikaa humo tangu lini yakamwagikia shati langu jeupe. Meza ikatikisika, simu ikaanguka kifudifudi, na kutoka chini ya zulia lililojikunja ikasikika shangwe ya watu waliokuwa wakiona giza tupu.

"Umesikia?" baba mdogo alipiga kelele. "Hiyo vali ni nzima! Lipa!"

Tulirudisha bomba likiwa limepakwa grisi, nikapuliza tena, na safari hii noti ya Leeds na ya Moshi zikakaa pamoja vizuri mno hata kikundi kikaunganisha na wimbo wa Pasaka, beti zote, mimi nikishikilia besi. Tulikuwa katika ubeti wa mwisho mlango ulipogongwa. Alikuwa jirani. Nikamwomba radhi na kumweleza kwamba tuba inanunuliwa, nayo inakwenda Moshi, Tanzania.

Akauliza huko ni mbali kiasi gani. Nilipomwambia kwamba ni safari ya maelfu ya kilomita, alitoa noti ya pauni 20 akaichangia kwenye bei, kisha akashika upande mzito na kunisaidia kuipakia garini.