Unaijua Serengeti? Kusini jipange upya

Mtu aliyekulia Tanzania au Kenya haombi ushauri wa kwenda mbugani. Tembo amewaona Mikumi akiwa dirishani mwa basi la Iringa, pundamilia amewakuta kando ya barabara ya Naivasha, na siku aliyokwenda Ngorongoro kazi yake ilikuwa kupanda gari tu, mengine yote yalikuwa ya dereva. Mtu huyo akipata likizo na vijisenti, akaamua safari hii iwe mbuga za kusini mwa Afrika, Kruger (Afrika Kusini), Chobe (Botswana) au Etosha (Namibia), hujiandaa kama anayekwenda harusini Morogoro: tiketi, nguo mpya, simu ijae chaji, basi.

Mimi naona uzoefu wetu wa mbuga za nyumbani ndio unaotuponza kusini. Wanyama ni wale wale, lakini yanayoamua kama utawaona na utalipa kiasi gani ni mengine kabisa, na mengi huamuliwa miezi kadhaa kabla hujafunga begi. Mjerumani wa Hamburg, kwa kuwa anajua kwamba hajui, hujipanga kuliko sisi.

Kwanza kalenda. Sisi tumezoea kuhesabu nyumbu: wako Ndutu, wako Mto Mara, wanavuka, wameshavuka. Kusini unahesabu maji. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua karibu hakuna, majani yanakauka na kulala chini, madimbwi ya porini yanakwisha, na wanyama hawana budi kurudi kwenye mito na visima vichache vilivyobaki. Ndiyo maana mwezi Septemba unaweza kupanda boti pale Kasane, Botswana, ukaangalia makundi ya tembo yakishuka Mto Chobe moja baada ya jingine, wadogo wakisukumwa na mama zao kuvuka kwenda kisiwa cha Sedudu, mikonga tu ikionekana juu ya maji. Botswana ina tembo takriban 130,000, na jioni hizo utadhani wote wamekubaliana kunywa mahali pamoja.

Delta ya Okavango, hiyo hiyo Botswana, ina kituko chake. Mvua inayoijaza hainyeshi pale. Hunyesha nyanda za juu za Angola kuanzia Novemba hivi hadi Machi, na maji hutembea polepole kiasi kwamba hutanda deltani Juni hadi Agosti, katikati ya kiangazi, mbinguni hakuna hata wingu. Anayetaka kupita kwenye matete kwa mtumbwi aende miezi hiyo. Maporomoko ya Victoria nayo yana saa yake: Aprili na Mei maji ni mengi mno, unalowa chapachapa na ukungu unakunyima picha, Oktoba na Novemba upande wa Zambia sehemu kubwa hubaki mwamba mtupu. South Luangwa, Zambia, kambi nyingi hufungwa kabisa msimu wa mvua ukianza, kwa sababu barabara zinageuka tope.

Kwa hiyo anayekwambia "kusini nenda wakati wowote" ana kitu anauza. Mimi huchagua mwisho wa Agosti na Septemba. Vumbi lipo, lakini baridi imelegea, Okavango bado ina maji, na lile joto la Oktoba, ambalo bonde la Zambezi huvuka nyuzi 40, halijafika. Mwenye watoto wa shule ana mtihani mwingine. Likizo yetu ya Juni huelekea kugongana na likizo ya kipupwe ya shule za Afrika Kusini, na hapo Kruger hupati kitanda. Kambi za hifadhi yenyewe, kama Skukuza, Satara na Lower Sabie, wenyeji huwekea nafasi karibu mwaka mzima mbele. Ukianza kuulizia Mei kwa safari ya Julai, jiandae kulala nje ya geti na kupanga foleni kila alfajiri.

Halafu baridi, ambayo watu wa Dar huwa hawaamini mpaka iwakute. Gari tulilozoea ni Land Cruiser lililofungwa: paa linainuliwa, vioo unapandisha ukitaka. Kusini magari ya kutembeza wageni mengi yako wazi, hayana vioo wala milango. Unaondoka saa 12 asubuhi, Julai, jua halijachomoza, na huenda usiku huo kandokando ya jangwa la Kalahari joto lilishuka hadi karibu sifuri. Gari likishika mwendo, upepo unaingilia mikononi mwa koti na kutokea mgongoni. Kambi inayojali wageni hukukuta na blanketi kitini na chupa ya mpira ya maji ya moto ya kupakata, na hakuna anayeona haya kuikumbatia. Ikifika saa 5 unavua kila kitu hadi fulana.

Sasa usikimbilie duka la watalii kununua kaki zenye mifuko kila mahali. Nenda kwenye mitumba: Karume pale Dar, au Memorial pale Moshi. Nairobi nenda Gikomba. Tafuta koti lisilopitisha upepo, sweta nyepesi mbili badala ya moja nzito, kofia ya sufu na glavu. Mitumba ya Ulaya imetengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na kwa bei ya suruali moja ya "safari" utavalisha familia nzima. Rangi: kahawia, kijivu, kijani iliyofifia. Nyeusi na bluu iliyokolea huita mbung'o, ambao Luangwa na bonde la Zambezi bado wapo na wanauma kupitia shati.

Makaratasi ndiyo yanayokwamisha wengi, na hapa sina huruma, kwa sababu yote yanajulikana mapema. Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini, na Mkenya naye tangu Januari 2023 anaingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Jambo hilo linatufanya tulegee. Pasipoti iwe na angalau kurasa mbili tupu, na iwe imebakiza miezi sita, maana ukizunguka nchi tatu mihuri inaila haraka, na Kasane peke yake inaweza kukuvusha Zambia, Zimbabwe na Namibia ndani ya wiki moja. Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, beba hata kama hujaulizwa. Afrika Kusini huidai kwa anayetoka Kenya au Uganda, na pia kwa aliyekaa uwanjani Nairobi zaidi ya saa 12 akisubiri kuunganisha ndege. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo sindano ya siku moja kabla ya safari haikusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Ile kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 usiitupe, bado inatambulika.

Watoto wabebewe cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Akisafiri na mzazi mmoja, weka barua ya idhini ya yule mwingine pamoja na nakala ya pasipoti yake. Ofisa anaweza asiulize. Akiuliza na huna, mnalala uwanjani.

Kuna karatasi moja ambayo ni fedha taslimu na hatuitumii: pasipoti ya nchi ya SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania imo. Hifadhi za taifa za Afrika Kusini zina ngazi tatu za kiingilio, wenyeji, raia wa SADC na wageni wengine, na sisi wa SADC Kruger hulipa takriban nusu ya mgeni wa Ulaya. Namibia na Zimbabwe nazo zina bei ya ukanda. Lakini ukinunua kifurushi kwa wakala, aghalabu unapigiwa hesabu ya mgeni wa kimataifa na nafuu inabaki mfukoni mwa mtu. Uliza kwa maandishi, kabla hujalipa, kiingilio kimehesabiwa kwa ngazi ipi. Wakenya, poleni, nchi yenu haimo SADC. Wakongo mmo, na wa Lubumbashi mko karibu na Luangwa kuliko mimi wa Dar.

Malaria. Kuna kiburi chetu cha kusema "sisi tumeizoea." Kinga inayotokana na kuumwa mara kwa mara hupungua ukikaa mahali pasipo na mbu wengi, na mtoto aliyezaliwa Nairobi au Arusha mjini hana kinga yoyote ya kujivunia. Okavango, Chobe na bonde la Zambezi ni maeneo ya malaria. Kruger nako malaria ipo, lakini hatari yake ni ndogo zaidi, hasa miezi ya baridi. Muone daktari mapema. Doksisaikilini ni rahisi na inapatikana, ila humezwa kila siku na huendelea wiki nne baada ya kurudi, nayo hufanya ngozi iungue na jua upesi. Mwenye mtoto mdogo au mjamzito achague Pilanesberg, Madikwe au Addo, hifadhi za Afrika Kusini zisizo na malaria, na asione amekosa kitu. Madikwe mbwa mwitu unaweza kuwaona kirahisi kuliko mbuga nyingi za kwetu.

Pesa nitapita haraka. Randi ya Afrika Kusini inatumika Namibia, randi moja kwa dola moja ya Namibia, lakini dola ya Namibia ukiirudisha Johannesburg watakuangalia tu, kwa hiyo imalize kabla ya mpaka. Zimbabwe beba dola za Marekani noti ndogondogo, za 1 na 5, maana chenji ni shida. M-Pesa yako ya nyumbani usiitegemee. Kikubwa zaidi ni gari la kukodi: kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo, yenye jina la dereva mwenyewe, ili zizuie dhamana. Kadi zetu za kawaida za benki hukataliwa kaunta huku umeshalipia gari mtandaoni. Rafiki yangu alibaki uwanja wa ndege wa Johannesburg mchana kutwa kwa sababu hiyo, mke na mabegi pembeni. Kama utavuka mpaka, omba mapema barua ya kampuni inayoruhusu gari litoke nchini.

Na gari hilo liendeshe mwenyewe. Huo ndio utamu wa kusini, na sisi ndio tunaoukimbia, utafikiri mbuga bila dereva wa wakala ni dhambi. Wote wanaendesha kushoto kama sisi. Kruger barabara kuu ni lami, na gari dogo la saizi ya Vitz linatosha. Mwendo ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye changarawe, wanapima kweli, na ukizidi unalipa. Juni na Julai mageti hufungwa saa 11:30 jioni, na aliyechelewa kwa sababu ya chui hasamehewi.

Etosha nayo inaendeka kwa gari la kawaida, na kambi ya Okaukuejo ina kitu ambacho sijakiona kwetu: kisima cha wanyama kinachomulikwa taa usiku kucha, nawe umekaa kwenye benchi nyuma ya ukuta mfupi wa mawe. Vifaru weusi huja usiku, wakikoroma kuambizana nani anywe kwanza. Hulipi gari wala muongozaji. Unabeba koti na chai yako tu.

Nje ya Etosha, changarawe ya Namibia inataka adabu. Imenyooka, ni tupu, inakushawishi ukanyage, na ndipo magari hupinduka peke yake bila kugongana na chochote. Usizidi 80, shusha upepo wa tairi kidogo, beba matairi ya akiba mawili, jaza mafuta kila ukiona kituo hata kama tanki liko nusu. Usiku usiendeshe, kuna tandala wanaorukia mwanga. Moremi na Savuti, Botswana, ni habari nyingine: mchanga mzito, gari la magurudumu manne ni lazima, na asiyewahi kuendesha mchangani asiende na gari moja. Baada ya mvua, mbegu za nyasi hujaa kwenye rejeta na chini ya gari karibu na ekzosi, na gari linaweza kuwaka moto. Simama, chungulia, ng'oa.

Wapenzi wa nyama choma, hili ni lenu. Botswana na Namibia zina uzio mrefu wa mifugo kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, na kwenye mageti yake nyama mbichi inachukuliwa, viatu mnakanyagishwa dawa. Ukisafiri kuelekea kusini usinunue kilo tano za steki Kasane ukitarajia kuzichoma mbele. Vuka geti, kisha ununue.

Begi liwe laini, lisilo na fremu wala magurudumu, kama utapanda vile vindege vya kuingia Okavango kutoka mji wa Maun: kikomo mara nyingi ni kilo 20 pamoja na kamera, na sanduku gumu haliingii kwenye kile kishimo cha mizigo. Ndani weka darubini kabla ya lenzi kubwa. Kila mtu na yake, maana kuazimana darubini chui akiwa mtini ni chanzo cha ugomvi wa ndoa. Adapta tafuta ya plagi ya Afrika Kusini, ile ya pini tatu nene za mviringo, kwa sababu plagi zetu za pini bapa hazichomeki nchi hiyo, na za uwanja wa ndege ni ghali. Suruali ya mabaka ya jeshi iache kabatini. Zimbabwe na Zambia kuivaa ni kosa, na askari hatajali umeinunua Kariakoo kwa shilingi ngapi.