Nani Yumo Ndani ya "Tu-"?

Nikisikiliza hotuba ya kisiasa, sikio langu hutega silabi moja: tu-. "Tutajenga shule," hapo anasema mwenye serikali. "Tuvumilie bei," hapo anayevumilia ni wewe. Angesema "vumilieni" ingesikika kama amri, na watu wangeguna. Kwa hiyo anajichanganya nasi kwa kiambishi tu, na makofi yanapigwa.

Kiswahili hakitofautishi "sisi" yenye msikilizaji na "sisi" isiyo naye. Kiindonesia kinamlazimu msemaji achague: kita ni sisi pamoja nawe unayenisikia, kami ni sisi bila wewe. Tangazo la uhuru wa Indonesia la tarehe 17 Agosti 1945 linaanza na kami. Taifa lilikuwa likijitambulisha mbele ya ulimwengu, na ulimwengu haukuwemo ndani ya "sisi" hiyo. Neno moja, na mipaka imeshachorwa.

Sisemi tu- ni hila siku zote. Novemba 1978, Nyerere alipotangaza kumpiga Idi Amin, alisema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nomino inatangulia, na kila kifungu kinatua kwenye umiliki wa wote. Angesema "serikali inao uwezo", waliomsikiliza wangebaki watazamaji wa vita ambayo kwa kweli iliwahitaji.

Kinachoniuma ni pale tu- inapotoroka. Maji "tumeleta", lakini fedha "zilipotea". Kauli ya kutendwa, kama "makosa yalifanywa", walau inaacha upenyo wa kuuliza: yalifanywa na nani? Kauli ya kutendeka inauziba. "Makosa yalifanyika", kana kwamba yaliota yenyewe kama magugu.

Tarehe 27 Januari 1987, akigusia kashfa ya silaha zilizouzwa Iran, Rais Ronald Reagan aliliambia Bunge la Marekani kwamba makosa makubwa yalifanywa. Kwa hatari aliyoichukua alikubali kuwajibika, lakini mtenda wa makosa hayo hakutajwa. Ikaja ripoti ya Tume ya Tower, iliyoichunguza kashfa hiyo, na tarehe 4 Machi akarudi kwenye televisheni kusema kwamba yeye mwenyewe anawajibika kikamilifu kwa vitendo vyake na vya serikali yake. Siku 36 baada ya kauli ile ya kutendwa, nafsi ya kwanza umoja ilibeba vitendo vyote.

Ni- hiyo ndiyo ninayoisubiri kila hotuba. Kwenye "ninawapenda" na "ninawaahidi" haikosekani kamwe. Mimi naitaka kwenye "nilikosea". Atakayeitamka hapo, hata tu- yake ya kesho nitaisikiliza kwa moyo mwingine.