Bastola ya ganda la hewa: marufuku ilikuwa ya haki, mtego haukuwa wa haki

Ganda lenyewe lina ukubwa wa risasi ya kweli ya kipimo cha .38, linakaa vizuri kati ya kidole gumba na cha shahada. Ndani hakuna hata chembe ya baruti. Kuna chumba kidogo cha hewa na vali. Unalishindilia hewa kwa pampu ya mkono, unaweka kidonge cha risasi mdomoni, unafunga kifuniko, basi moja liko tayari. Unarudia mpaka yatimie sita. Unayaingiza kwenye silinda ya bastola, unavuta kifyatulio, nyundo inagonga kitako cha ganda, vali inafunguka na hewa yote inatoka kwa mkupuo mmoja. Silinda inazunguka, zamu ya ganda la pili.

Nimeanza na ganda kwa sababu ugomvi wote wa Uingereza kuhusu silaha hizi, zilizopigwa marufuku mwaka 2004, ulizaliwa humo. Bunduki nyingi za upepo hubeba nguvu yake kwenye bunduki yenyewe: springi, silinda ya hewa, au kichupa cha gesi ya kaboni kilichofichwa kwenye mpini. Bastola ya ganda la hewa ilibeba nguvu yake ndani ya ganda, kama risasi ya moto inavyobeba baruti yake. Kampuni ya Kiingereza ya Saxby Palmer ndiyo iliyoanzisha utaratibu huo katika miaka ya 1980, na baadaye ukaendelezwa na kampuni ya Brocock. Vyuma vya bastola vilitoka kwa watengenezaji wazoefu wa Ujerumani na Italia, wengine wao wakiunda pia bastola za moto. Ndiyo maana ukiishika ulihisi umeshika bastola halisi: uzito ni ule ule, mlio wa silinda ni ule ule.

Kwa mpenda shabaha hilo lilikuwa jambo kubwa, na mtu asilidharau. Machi 13, 1996, mtu mwenye bastola za leseni aliingia shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria mbili zilizofuta karibu kabisa umiliki binafsi wa bastola za moto katika England, Wales na Scotland. Bastola zipatazo 162,000 zilisalimishwa, na Serikali ikawalipa wenyewe fidia. Watu waliokuwa wakilenga shabaha kila Jumamosi kwenye klabu walijikuta mikono mitupu. Bastola ya ganda la hewa ikawa ndiyo kitu cha karibu zaidi na walichopoteza. Haikuhitaji kibali, maana sheria ilizihesabu bastola za upepo zenye nguvu isiyozidi futi-pauni 6, yaani kama juli 8, kuwa nje ya mfumo wa leseni. Linganisha na risasi ya .38 ya kawaida, inayotoka na juli mia mbili na zaidi. Ile ya hewa inatoboa karatasi ya shabaha na kuangusha kopo.

Tena ilikuwa na ubora wake kama chombo cha mchezo. Bastola ya gesi ya kaboni huchoka siku ya baridi, kwa kuwa shinikizo la gesi hiyo hushuka pamoja na joto, na huchoka zaidi kichupa kinapokaribia kuisha. Ganda la hewa linabeba pumzi yake lenyewe, la kwanza sawa na la sita, mradi umeyajaza sawasawa. Na ile kazi ya kupampu moja moja, ambayo asiye mshabiki ataiona adhabu, ilimfundisha mlengaji kutopiga ovyo. Mwenye maganda sita tu aliyoyatolea jasho hafyatui bila kutulia kwanza.

Sasa upande wa pili, nao ni mzito.

Wahalifu waliona kile ambacho washabiki walikipenda. Silaha iliyoundwa kwa chuma cha kweli, yenye silinda ya kweli na nafasi za ukubwa wa risasi ya kweli, inauzwa dukani bila kibali wala kuandikishwa. Mafundi wa vichochoroni wakaanza kuzibadili zifyatue risasi za moto. Polisi wakazikuta mara kwa mara kwenye matukio ya uhalifu, tena kwa wingi uliowashtua. Hapa hatuzungumzii hofu ya kufikirika. Kuna watu waliopigwa kwa silaha hizi zilizobadilishwa, na kuna waliokufa.

Washabiki walikuwa na jibu. Walisema sheria ya kushughulikia jambo hili ilikuwepo tayari. Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1982 iliweka kipimo kwa silaha za bandia: kama mtu asiye na ujuzi maalumu anaweza kuibadili kwa zana za kawaida za matengenezo ya nyumbani, basi ihesabiwe silaha ya moto. Kwa nini basi, waliuliza, bastola hizi zisipimwe aina kwa aina, zile dhaifu zizuiwe, zile ngumu kubadilika ziachwe? Na kubadili yoyote kati yake kulikuwa kosa kubwa tangu zamani. Mwenye tupa na nia mbaya ndiye wa kukamatwa.

Nimeipima hoja hiyo kwa muda mrefu, na naona inakwama mahali pamoja. Kipimo kile kinauliza kama mtu wa kawaida anaweza kuibadili. Lakini silaha hizi hazikuwa zikibadilishwa na kila mtu jikoni kwake. Fundi mmoja mwenye karakana angeweza kubadili nyingi na kuziuza. Kwa mtu wa aina hiyo, kilichokuwa na thamani ni kupata mali ghafi ya kutosha bila kuulizwa jina. Ukishaona hivyo, kufunga duka ndiyo njia iliyokuwa na maana, hata kama mnunuzi mwema anaumia. Ndiyo sababu nasema Bunge lilikuwa na haki ya kusimamisha uuzaji.

Kasoro naiona katika namna walivyofanya.

Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mienendo Inayoudhi Jamii ya mwaka 2003 kilianza kazi Januari 20, 2004. Kiliingiza kila bunduki au bastola ya upepo inayotumia ganda lenye gesi yake ndani katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku, orodha ile ile ya bunduki za rashasha. Bunduki ndefu za upepo za mtindo huo nazo zikasombwa, ingawa hakuna jambazi anayetembea na bunduki ndefu kiunoni. Aliyekuwa nayo alipewa mpaka mwisho wa Aprili 2004 kuchagua: aisalimishe polisi, au aombe kibali cha silaha ya moto ili aendelee kukaa nayo. Aliyepata kibali alibaki nayo, lakini hawezi kumuuzia mshabiki mwenzake wala kumwachia mwanawe kama urithi. Wenye bastola za moto mwaka 1997 walilipwa. Hawa wa 2004 hawakulipwa.

Fikiria hapo ugumu wake. Bastola za moto za 1997 zilikuwa na leseni, kwa hiyo polisi walikuwa na jina na anwani ya kila mwenye nayo na waliweza kumwandikia. Bastola ya ganda la hewa haikuwa na leseni. Hakuna daftari lililoonyesha nani anayo. Taarifa ilimfikia anayesoma majarida ya walengaji, anayekwenda klabu, anayefuatilia habari za Bunge. Yule aliyeinunua miaka kumi kabla, akaichoka, akaifunga katika kitambaa na kuitupia darini, nani angemfikishia? Miezi mitatu ikapita akiwa amelala usingizi wake, akaamka ana silaha ya marufuku nyumbani.

Na adhabu yake si ya mchezo. Mwaka huo huo wa 2003 Bunge lilipitisha kifungo kisichopungua miaka mitano kwa mtu mzima anayekutwa na silaha za orodha hiyo, na bastola za ganda la hewa zimo. Jaji anaweza kushuka chini ya hapo pale tu anapoona mazingira ya kipekee. Kutojua hakumwokoi mtu na hatia: mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilishikilia hivyo katika kesi ya vijana waliokutwa na kifaa cha kupigia watu shoti ya umeme, wao wakisema walidhani ni tochi. Ukiwa nacho, unacho.

Watetezi wa sheria watasema hapo ndipo penye nguvu yake, kwamba ukiruhusu kisingizio cha "sikujua" kila jambazi atakitumia. Ni kweli kwa jambazi. Lakini jambazi amejificha na bastola iliyobadilishwa na risasi za moto mfukoni. Mzee mwenye bastola isiyoguswa, pampu yake na maganda sita ndani ya kisanduku cha dukani anatofautika naye kwa macho matupu. Sheria iliyoshindwa kuwatenganisha watu hao wawili tangu mwanzo, ikaacha huruma ya mwendesha mashtaka iwatenganishe baadaye, ilifanya kazi nusu.

Kwamba ingewezekana kufanya vizuri zaidi, Uingereza yenyewe imeonyesha. Februari 2025 polisi walitangaza wiki kadhaa za kusalimisha bastola za milio tupu, yaani zinazotoa mlio bila risasi, kutoka Uturuki, nazo zikiwa zimegundulika kubadilishwa na wahalifu. Tangazo lilitoka vituoni, kwenye redio na mitandaoni, na kila mmoja aliambiwa wazi kwamba akiileta ndani ya muda huo hatashtakiwa kwa kukaa nayo. Hatari ilikuwa ile ile ya 2004, ila safari hii mwenye mali alizungumzwa naye.

Mchezo wenyewe haukufa, na hili nalo linaitetea Serikali kidogo. Leo mshabiki wa Uingereza ananunua bastola ya silinda yenye sura ya Webley, bastola ya zamani ya jeshi la Uingereza, inayokwenda kwa kichupa cha gesi cha gramu 12 kilichomo mpinini. Maganda yapo, unayatoa na kuyaingiza, lakini hayana hewa ndani. Kazi yake ni kushika kidonge tu. Sheria haikugusa mtindo huo. Raha ya kupanga maganda sita juu ya meza imebaki. Kilichopotea ni ule usawa wa hewa siku ya baridi, na wapo wanaoulilia mpaka leo.

Zilizobaki darini ndizo zinazonisumbua. Walionunua miaka ya 1990 sasa ni wazee, wanafariki, na watoto wao wanafungua makabati. Binti anakuta kisanduku, anafungua, anaona bastola ya upepo ya marehemu baba na pampu yake. Akiiuza mtandaoni, amefanya kosa. Akiiweka kama kumbukumbu, amefanya kosa. Hata kuibeba barabarani kuipeleka polisi ni kubeba silaha ya marufuku, ndiyo maana ushauri ni kupiga simu kituoni kwanza waje kuichukua. Ningependa kuona kifungu kifupi kinachosema kwamba anayepiga simu hiyo kwa hiari yake, silaha ikiwa haijabadilishwa, hatashtakiwa, si kwa wiki chache za kampeni bali siku zote.