Tanga au Mombasa: Bandari ya Mizigo ya Moshi na Arusha

Kutoka Moshi hadi Mombasa, ukipitia Holili, Taveta na Voi, ni kama kilomita 300. Kutoka Moshi hadi Tanga kwa barabara ya Mombo, Korogwe na Segera ni kama kilomita 350. Mtu wa Arusha aongeze 80 kwa kila upande. Dar es Salaam iko mbali zaidi, kilomita 560 hivi kutoka Moshi, na bado makontena mengi ya maduka ya Arusha hushukia huko.

Tangu kina cha bandari ya Tanga kiongezwe, wito wa kuwataka wafanyabiashara wa Kaskazini warudi Tanga umekuwa mkubwa, na una haki ya kusikilizwa. Wanaoupinga husema mzigo hauna uzalendo, huenda meli iliko. Kila upande umeshika sehemu ya ukweli. Kwa mafuta na shehena ya kichele, yaani mzigo usiopakiwa kwenye makontena kama ngano na makaa ya mawe, Tanga ni bandari yetu leo hii. Kwa makontena safari bado, na kinachokwamisha ni ratiba za meli na upatikanaji wa makontena matupu. Umbali na mpaka vina uzito mdogo kuliko tunavyodhani.

Mpaka wenyewe uliwekwa kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886. Mstari ulianzia mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, ukapanda hadi Ziwa Jipe, ukaizunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha ukaenda moja kwa moja hadi Ziwa Victoria. Pwani waligawanywa Wadigo, wengine wakabaki upande wa Vanga na wengine upande wa Jasini na Tanga. Moshi bado inasimuliwa hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mlima mjukuu wake Kaizari. Haina msingi: Wilhelm wa Pili alitawazwa mwaka 1888, miaka miwili baada ya mstari kuchorwa. Wakubwa wale waligawana njia za kuingia bara. Mombasa ikawa lango la Waingereza, Tanga na Pangani zikawa mbele ya eneo la Wajerumani, na mlima ukaangukia upande wa Tanga ingawa Mombasa iko karibu zaidi. Ukanda wa pwani wa upande huo wa Wajerumani ulibaki mali ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1890, Ujerumani ilipoulipia marka milioni 4.

Wajerumani walilazimika kuujaza mstari huo kwa reli. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893, reli ya upana wa mita moja. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, na Moshi 1911, umbali wa kilomita 352. Miaka 18 kwa umbali huo ni mwendo wa kinyonga, na sababu kubwa ilikuwa fedha: kampuni iliyoanza ujenzi iliishiwa, serikali ikabidi iichukue. Katikati ya kazi hiyo zao la kuilipia reli lilikuwa limeshapatikana. Dk. Richard Hindorf aliagiza vipando vya mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu, vikapandwa karibu na Pangani. Mashamba yaliyofuata ndiyo yaliyoijenga Tanga. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna karibu tani 230,000 za mkonge, kiasi ambacho haijakifikia tena.

Anayetaka kuona nguvu ya reli ile aangalie Novemba 1914. Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India kuiteka Tanga. Walipoteza muda wakihofia mabomu ya baharini, wakashukia Ras Kazone. Muda huo ulimtosha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kusafirisha askari wake kwa treni kutoka Moshi hadi pwani, na kwa watu kama 1,000 akawashinda. Waingereza walijifunza. Mwaka 1915 walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, wakaiendeleza kadiri majeshi yalivyosonga, na Moshi ikaanguka Machi 1916. Reli hiyo ikaungana na ile ya Tanga pale Kahe.

Reli ya Voi na Kahe ilijengwa kwa ajili ya vita, lakini amani ilipokuja haikung'olewa. Nchi zote mbili zikiwa chini ya Mwingereza, kahawa ya Kilimanjaro ilipata njia fupi ya kwenda Kilindini, bandari ya Mombasa, na Tanga ikabaki na mkonge wake. Hata reli ilipofika Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920, mzigo wake ulikuwa na milango miwili ya baharini. Basi anayesema Mombasa ni mazoea ya juzi yaliyoletwa na madereva wa malori anakosea. Njia hiyo ina zaidi ya miaka mia.

Ilikatwa mara moja tu kwa kweli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983, baada ya marais watatu kukutana Arusha. Kwa karibu miaka saba Kaskazini iliishi kwa Tanga na Dar es Salaam peke yake. Wanaotetea Tanga hutumia kipindi hicho kama hoja yao nzito kuliko zote: eneo zima la Kilimanjaro na Arusha haliwezi kutegemea njia ambayo serikali ya nchi nyingine inaweza kuifunga asubuhi moja. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo inathibitisha haja ya kuwa na Tanga iliyo tayari, ambalo ni jambo tofauti na kulazimisha kila kontena lipite huko.

Sasa tuingie majini, maana hapa ndipo Tanga iliponyimwa kwa muda mrefu. Kilindini ni bonde la mto lililozama, lenye kina cha asili, na meli kubwa hufunga gatini bila shida. Ghuba ya Tanga imekingwa vizuri na upepo lakini ni ya maji mafupi, na mito Zigi na Mkulumuzi huleta humo udongo kutoka milima ya Usambara. Gatini kina kilikuwa kama mita 3 tu. Meli ilitia nanga zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka gati, kreni yake ikashusha mzigo kwenye matishali, yaani mashua bapa za mizigo, tagi (boti ya kuvuta) ikayavuta hadi gatini, kreni nyingine ikanyanyua mzigo huohuo kuupeleka kwenye lori. Kila gunia lilishikwa mara mbili. Mvua ya masika ikinyesha, kazi ya mbolea na saruji inasimama kwa sababu mzigo uko wazi kwenye tishali. Meli inayosubiri hulipiwa kwa siku, na gharama hiyo hatimaye humfikia mkulima wa Kibosho aliyenunua mfuko wa mbolea.

Mradi ulioanza mwaka 2019, uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 400, ulichimba mlango wa kuingilia na eneo la kugeuzia meli, kisha ukajenga upya gati mbili zenye urefu wa mita 450 kwa pamoja. Kina sasa ni mita 13. Meli inafunga gatini na kushusha moja kwa moja. Kwa ngano, mbolea, makaa ya mawe na magari haya ni mageuzi makubwa, na hakuna hoja ya maana ya kuyapitisha Mombasa. Mafuta yalitangulia: EWURA, mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti nishati na maji, inapotangaza bei kikomo kila mwezi, mikoa ya Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Manyara ina hesabu yake, inayotokana na mafuta yanayoshushwa Tanga. Hata Uganda, ilipotafuta pa kutolea mafuta yake ghafi, mwaka 2016 iliacha pwani ya Kenya ikachagua Chongoleani, upande wa kaskazini wa ghuba hiyohiyo, kwa bomba la kilomita 1,443.

Tahadhari moja haisemwi vya kutosha: kina kilichochimbwa si cha kudumu. Mito ile bado inashuka kutoka Usambara, na misitu ya vyanzo vyake ikikatwa matope huongezeka. Bila ratiba ya kusafisha mlango kila baada ya muda, meli iliyopakia sana itarudi kusubiri maji kujaa wakati wa bamvua, na yakiwa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, itakaa nje.

Makontena yana kanuni nyingine. Chukua kahawa. Kontena la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Kahawa hukaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 12, na kontena hutandikwa karatasi nene ndani na kutundikwa mifuko ya kufyonza unyevu. Ikikaa bandarini kwenye joto la pwani, mchana hewa ya ndani inapata mvuke. Usiku paa la chuma linapoa, mvuke unageuka matone na kudondokea magunia ya juu. Ukungu huanzia hapo, na mnunuzi hukataa mzigo. Kwa hiyo mtu wa kahawa haulizi bandari ipi iko karibu. Anauliza meli inaondoka lini, na isipokuja hiyo, nyingine inakuja baada ya siku ngapi. Mombasa inapokea meli nyingi za makontena kutoka kampuni nyingi. Ukiikosa moja, ya pili iko karibu. Tanga ukiikosa moja unaweza kusubiri hadi hesabu yote ya kilomita ipoteze maana. Maua na mboga za Arusha zimefuata mantiki hiyohiyo kwa miaka mingi: uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) uko jirani, lakini mzigo huvuka Namanga kwenda Nairobi kwa sababu ndege ziko huko.

Kisha kuna kontena tupu. Mwenye kahawa anahitaji kontena safi, lisilo na harufu, la kampuni ya meli atakayoitumia. Makontena matupu hupatikana pale bidhaa za kuagiza zilipofunguliwa. Bidhaa za Arusha zikiingia kwa Dar es Salaam au Mombasa, kampuni ya meli inataka kontena lake lirudishwe hukohuko. Ukilipeleka Tanga utatozwa. Ndiyo maana ufunguo hauko mikononi mwa wauza kahawa, wenye mzigo kwa miezi michache tu. Uko kwa waagizaji wa vigae, vipuri, nguo na mashine, walio na mzigo mwaka mzima. Hao wakihamia Tanga, makontena matupu yatapatikana, meli zitaongezeka, na kahawa itafuata bila kuambiwa.

Upande wa Mombasa nao una gharama zake. Holili na Taveta zina kituo kimoja cha pamoja, na kwa utaratibu wa eneo moja la forodha ulioanza mwaka 2014 kodi ya mzigo wa Moshi hulipwa Tanzania kabla haujatoka bandarini Kenya. Hata hivyo mzigo unahitaji dhamana, lakiri ya kielektroniki (kifaa cha kufunga na kufuatilia kontena) na mawakala katika nchi mbili, na kosa dogo la maelezo kwenye hati husimamisha lori mpakani. Uzito hauleti tofauti, kwani sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 inaweka kikomo kilekile cha tani 56 kwa gari la ekseli 7. Hapo wengi hujikwaa: makontena mawili ya kahawa ni karibu tani 43 pamoja na chuma chake, gari na tela huwa na tani 15 au zaidi, na jumla inavuka kikomo. Pakia kwa hesabu kabla mizani haijakufanyia hesabu hiyo barabarani.

Reli ingeweza kuipa Tanga nguvu ambayo Mombasa haina tena kwa upande wetu, maana njia ya Voi na Taveta imekaa bila treni kwa miaka mingi. Ya kwetu ilifufuliwa. Treni zilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha 2020. Lakini ni njia moja, ya upana uleule wa Wajerumani, na treni ya mzigo isiyo na siku maalumu haimsaidii mtu anayekimbizana na meli. Treni mbili za makontena kwa wiki kati ya Arusha na Tanga, zenye siku na saa zisizobadilika, zingemshawishi mwagizaji kuliko kampeni yoyote. Hadi hapo, anayeagiza mbolea au ngano kwa ajili ya Moshi aipitishe Tanga bila kusita. Mwenye kontena, kabla ya kusaini, aombe kwa maandishi tarehe ya meli inayofuata endapo ya kwanza itakosekana, siku za bure za kukaa na kontena, na mahali tupu litakaporudishwa. Majibu hayo matatu ayaweke kwenye hesabu pamoja na nauli ya lori, kwa Tanga na kwa Mombasa, kila msimu upya.