Kori moja inalia, tatu zinaota jua, halafu unaambiwa ununue seva

Juzi shemeji yangu kanitumia picha ya profoma. Milioni tatu na laki nane. Seva mpya, eti ile mini PC yake ya Linux inayogawa intaneti "prosesa imezidiwa", maneno ya fundi aliyekuja dakika ishirini, akaangalia grafu, akatingisha kichwa, akachukua nauli yake akaondoka. Shem anauza wifi ya mtaa huko Mbagala, vocha za jero na za buku, na ikifika saa mbili usiku wateja wanamtukana kwenye grupu mpaka anazima simu. Nikamwambia shem usilipe kitu, Jumamosi nakuja.

Nimefika, naiona grafu yenyewe. Inasoma 27%. Yani mashine iliyozidiwa inatumia 27%, hapo sasa. Nikapiga mpstat -P ALL 1, amri inayoonyesha kila kori peke yake (kori ni kichwa kimoja cha prosesa, yake ina vinne), na ndo hasira zikaanza kupanda, kori ya kwanza iko 100%, karibu yote softirq, yani kazi ya kushughulikia paketi za mtandao, zile tatu nyingine 4%, 2%, 1%. Jumlisha mwenyewe ugawe kwa nne uone kama hupati ile 27. Ukiunguza ubwabwa kwenye sufuria moja na masufuria mengine matatu hujayatia hata maji, wastani wa jiko lako ni uvuguvugu, na kuna mtu atakuja kukuuzia jiko jipya.

Mnajua kila nyumba ina yule mtoto wa kutumwa. Wako wanne sebuleni lakini mgeni akipiga hodi linaitwa jina lile lile, chumvi ikiisha jina lile lile, luku ikikata jina lile lile. Wenzake wanaangalia tamthilia. Kwenye Linux huyo mtoto mara nyingi ni CPU0, yani kori ya kwanza. Kadi ya mtandao ikipiga hodi, CPU0 kafungue. Diski, CPU0. Kibodi ambayo haijachomekwa tangu mashine inunuliwe, hata yenyewe ikiamka siku moja itamwita CPU0.

Basi nikafungua /proc/interrupts, daftari la hodi (ndo intarapti) za kila kifaa kwa kila kori, faili ambalo liko hapo miaka yote, halihitaji leseni wala kozi, na ambalo naapa yule fundi hajawahi kulisoma maisha yake. Mashine ya shem ina kadi za Intel i210, kila kadi ina foleni nne, kwahiyo unaona mistari minne kwa kila kadi, TxRx-0 mpaka TxRx-3, kila foleni na intarapti yake. Kadi ya upande wa wateja, foleni zote nne namba zinakimbia vizuri tu. Kadi ya upande wa faiba, TxRx-0 inapaa, 1, 2 na 3 ni kama zimeganda. Nimekaa pale dakika tano nazitazama na hazijasogea vya maana.

Kabla sijaendelea, kichekesho. Kuna kijana wa mtaani alishawahi kumsaidia shem, aliona sehemu kwamba dawa ni irqbalance, programu ya kupanga intarapti kwenye kori, akaiweka. Shem akawa ananiambia "mbona ilisaidia kidogo halafu ikarudi?" Haikusaidia shem. Irqbalance inaamka kila sekunde 10, inaangalia nani kaelemewa, inahamisha. Kwahiyo ile TxRx-0 ikawa inatolewa CPU0 inapelekwa CPU2, baada ya muda inakwenda CPU3, na popote inapotua hiyo kori inajaa inaanza kulia, na kila ukitazama unakuta mgonjwa mwingine. Tatizo limepewa miguu tu.

Na hapa ndipo ninapogombana na watu kila siku na leo nagombana tena kwa maandishi ili niache kurudia kwenye simu: KUHAMISHA SIYO KUGAWA. Intarapti moja ni intarapti moja. Unaweza kuandika kwenye smp_affinity, faili la kuchagua kori za hiyo intarapti, "f", maana yake kori zote nne ruksa, na ukajiona umemaliza kazi, lakini kerneli (kiini cha Linux) ya leo kwenye hizi mashine zetu inachagua kori moja kati ya hizo nne na kuishia hapo. Hamniamini someni effective_affinity, faili liko palepale jirani, litawaambia kori ngapi kiukweli zinafungua mlango. Moja. Gunia la kilo mia ukilitoa bega la Juma ukaliweka bega la Asha bado ni kilo mia, na kama Juma lilimshinda sijui Asha kakukosea nini. Ili mzigo ugawanyike lazima uwe umefungwa kwenye mafurushi tangu huko unakotoka, ndo maana kadi zina foleni nyingi, ndo maana MSI-X, njia ya kisasa ya kupiga hodi, ikaletwa ikaruhusu kifaa kimoja kiwe na mpaka intarapti 2048. Kama mafurushi ni manne lakini vitu vyote vimetiwa kwenye furushi namba sifuri, irqbalance itafanya nini? Itabeba furushi sifuri kulizungusha nyumba nzima. Na watu wanaandika maskripti ya mistari 200, "network tuning", wamepanga foleni 0 kwa CPU0, foleni 1 kwa CPU1, safi kabisa kama dawati la mwalimu mkuu, bila kujiuliza hata mara moja kama kuna kitu kinaingia foleni 1.

Kwanini hakiingii? PPPoE, ile njia ya kuunganishwa na mtoa intaneti kwa jina na neno la siri. Kadi inagawa paketi kwa kusoma anwani za IP na namba za poti, inapiga hesabu, inachagua foleni. Paketi za PPPoE zinakuja IP ikiwa imevalishwa koti juu, kadi inaangalia koti, haioni IP, inasema mimi hii siijui, sifuri. Inayofuata, sifuri. Intaneti ya mtaa mzima, sifuri. Upande wa wateja hakuna PPPoE ndo maana foleni zote nne zilikuwa zinacheza. Wapo wauza wifi wetu wengine wanaopokea faiba kwa PPPoE, sasa jiulize wangapi wameshanunua mashine ya pili.

Dawa ilikuwa mstari mmoja:

echo e > /sys/class/net/enp1s0/queues/rx-0/rps_cpus

Hiyo e ni heksa (namba za kumi na sita), kwa sifuri na moja ni 1110, yani CPU1, 2 na 3 ruksa, CPU0 hapana. CPU0 nikamwachia kazi ya mlangoni tu (irqbalance nilishaizima, foleni nikaifunga kwa CPU0 isitembee). Anapokea, anachungulia ndani ya koti, maana programu inajua kuvua PPPoE hata kama kadi haijui, anaona hii ni ya mazungumzo gani, anamrushia mwenzake amalizie. Inaitwa RPS (Receive Packet Steering), aliileta Tom Herbert wa Google, imo kwenye kerneli tangu 2.6.35 ya mwaka 2010. Na mpaka leo inakuja IMEZIMWA. Maski yake ya kuzaliwa, yani ile namba ya kuchagua kori, ni sifuri. Saa mbili usiku ile ile, kifurushi cha Mbps 500 ambacho kilikuwa kinagota 210 kikapanda 470 na kitu, CPU0 akashuka hadi arobaini na ngapi. Shem akaniangalia kama mganga. Nikamwambia usiniangalie hivyo, lete pilau.

Haya, tuwe waungwana kidogo. Waandishi wa kerneli sio wajinga. Intarapti ikikaa kori moja kashe (kumbukumbu ya karibu ya kori) inakuwa ya moto, kazi inakwenda haraka, na paketi za mazungumzo mamoja zikirushwa rushwa ovyo kwa kori tofauti zinafika zimepishana na TCP, inayotaka data kwa mpangilio, inaanza kununa. RPS nayo kila ikirusha kazi inabidi ipige kelele kumwamsha mwenzake na kelele hizo zina gharama, na kama foleni za kadi zinagawa vizuri huihitaji kabisa. Na tangu kerneli 4.15, kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD), wakati wa kugawa vekta (namba za intarapti) wanajitahidi kusambaza vifaa kwenye kori zenye nafasi, sio kila kitu CPU0 kama zamani. Nimekubali. Ila ARM, prosesa za aina ya simu, mara nyingi bado, ukiwasha bodi ndogo ya ARM usiguse kitu fungua /proc/interrupts, kwenye mistari mingi ya vifaa utakuta safu ya CPU0 imejaa tarakimu na zingine sifuri sifuri.

Raspberry Pi 3, mojawapo ya hizo bodi, ndo usiseme, waya wa mtandao umening'inizwa kwenye USB, na draiva ya mwanzo ya hiyo USB kwenye Pi ilikuwa inagongewa hodi mara 8000 kwa sekunde hata kama hakuna anayetuma kitu. Watu wanazifanya rauta za hosteli. Pi 4 angalau inakubali kuhamishwa.

Intarapti za diski za NVMe msiziguse, kerneli inazipanga yenyewe, ukijaribu kuandika unajibiwa input/output error, ni haki yako.

Kinachoniuma ni kwamba sisi tulioanza zamani tulikuwa tunalazimishwa kujua haya mambo. Kwenye intaneti kafe ya kwanza niliyofanya kazi kulikuwa na kompyuta moja ukisogeza mausi simu ya modemu inakata. Kweli kabisa. Mausi iko COM1, modemu fundi kaiweka COM3, matundu ya serial ya zamani, zote mbili zinatumia IRQ 4, laini moja ya kupigia hodi, kwahiyo mteja anafungua barua pepe kwa kutumia kibodi peke yake, na ole wake aguse mausi. Laini zilikuwa 15 tu, chip mbili za 8259 zenye nane nane na moja imeliwa kuziunganisha, kadi ya sauti inataka 5, printa inataka 7, unafungua boksi unahamisha jampa kwa kucha. Mateso, siyataki yarudi. Lakini ulikuwa unajua kila kifaa kinapiga hodi mlango upi! Leo mtu ana kori 16 na cheti ukutani na hajui kama ana mlango.

Na kama huna muda kabisa, basi angalau /proc/net/softnet_stat, kila mstari kori moja, namba ziko kwa heksa, safu ya pili ni paketi zilizotupwa, ya tatu ni mara ngapi kori iliishiwa mgao (300 paketi kwa zamu ukiwa hujabadilisha) ikaacha kazi bado ipo mezani. Ya shem, safu ya tatu mstari wa kwanza ilikuwa imejaa tarakimu kama namba ya simu.

Jumanne usiku shem kapiga. "Kaka imerudi ile!" Umeme ulikatika, mashine ikawaka upya, mstari wangu ukapotea maana nilikuwa na njaa ya pilau nikasahau kuuweka kwenye systemd, inayowasha vitu mashine ikiwaka. Hilo ni langu, sina wa kumlaumu, nimemwekea.

Halafu jana kanipigia tena, sauti ya chini chini ya mtu mwenye la kuficha. Kumbe wakati ananitumia ile picha ya profoma alikuwa keshalipa advansi, na fundi hajui habari ya kurudisha hela. Seva imefika. Kori 16. Faiba ni ile ile, PPPoE ile ile. Nimemuuliza saa mbili usiku ikoje, kanyamaza kidogo, akaniuliza pilau naipenda na kuku au na nyama.

Nyama. Na safari hii maski ni fffe.