Riwaya Imependwa, Filamu Imekandiwa: Nani Anaumia?

Riwaya iliyouzwa sana ikigeuzwa filamu, ubishi huwa uleule. Wachambuzi wanaiponda, waliosoma kitabu wanajaa ukumbini, kisha watu wanahitimisha kwamba wachambuzi hawana kazi. Nimeusikia ubishi huu hapa Mtwara pia, kwenye mabenchi ya kahawa na kwenye ofisi za walimu, ingawa sinema ya kukatia tiketi wengi wetu tunaijua tukifika Dar. Mimi nasema hivi: hoja hiyo ina ukweli mwingi ikizungumzwa Marekani, na ina ukweli mdogo sana ikiletwa Tanzania. Kinachotofautisha ni idadi ya watu waliokwisha kukisoma kitabu kabla filamu haijatoka.

Tuanze na wale wanaodharau tahakiki, maana ushahidi wao ni mzito. The Da Vinci Code, riwaya ya Dan Brown ya mwaka 2003, iliuza makumi ya mamilioni ya nakala. Filamu yake ilipofungua tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2006, waandishi wa habari walioioneshwa mapema waliipokea kwa ubaridi, na wengine walicheka mahali ambapo hapakuwa na kichekesho. Tahakiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Mwisho wa siku filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 750 duniani kote. Mwaka 2022 ikaja Where the Crawdads Sing, kutoka riwaya ya Delia Owens. Wahakiki walioikubali walikuwa kama theluthi moja tu, lakini filamu iliyogharimu takriban dola milioni 24 ilirudisha zaidi ya milioni 140.

Watazamaji hawa wote hawakuwa wajinga. Msomaji aliyekaa na riwaya wiki mbili, akaisoma usiku wenzake wamelala, haendi kuuliza kama filamu ni nzuri. Anataka kuona yule binti amepewa sura gani, nyumba imejengwaje, na ule mwisho uliomliza wameufanyaje. Mhakiki anamjibu swali ambalo hakuuliza. Tena waliosoma wana kitu ambacho mhakiki hana: filamu ikiruka tukio, wao wanalijaza wenyewe kichwani. Mhakiki asiyesoma kitabu anaona shimo, na msomaji anapita juu yake bila kujikwaa.

Halafu kuna zile asilimia ambazo watu wanarushiana kwenye magrupu ya WhatsApp kama matokeo ya mtihani. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tahakiki za filamu, ni hesabu ya wahakiki walioipitisha filamu. Haisemi waliipenda kiasi gani. Wahakiki 100 wakisema "inatazamika, basi", filamu inapata 100. Wengine 34 wakiipenda kufa na 66 wakiona imepungua kidogo, inapata 34. Anayetangaza kwamba filamu fulani "imepata 34" kana kwamba imefeli, hajaelewa anachokisoma.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1990 riwaya ya Tom Wolfe, The Bonfire of the Vanities, iliyokuwa gumzo kubwa la New York, iligeuzwa filamu kwa takriban dola milioni 47, ikiwa na waigizaji wenye majina. Wahakiki waliichana, na kwenye kumbi za Marekani ikaambulia kama milioni 15. Kitabu kupendwa hakukuiokoa. The Golden Compass ya mwaka 2007, kutoka kitabu cha kwanza cha mfululizo wa vitabu vitatu vya Philip Pullman, inafundisha zaidi. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 370 duniani, fedha ambazo hapa kwetu tungeziita utajiri wa kutisha, lakini ilikuwa imegharimu takriban milioni 180 na Marekani kwenyewe iliingiza kama milioni 70 tu. Vitabu viwili vilivyobaki vya mfululizo ule havikupata filamu. Kulikuwa na sababu nyingine pia, zikiwemo taasisi za dini zilizowataka waumini wasiende kuitazama, kwa hiyo si haki kuwatupia wahakiki lawama yote. Hata hivyo inaonekana wazi kwamba wasomaji waaminifu wanaweza kuibeba filamu wiki ya kwanza. Wiki ya tatu inabebwa na wasiosoma, na hao ndio wanaouliza: wanasemaje?

Hapo ndipo inapotugusa sisi.

Ukiingia duka la vitabu Mtwara mjini, Masasi au Lindi, utakuta vitabu vya kiada, madaftari, kalamu na vitabu vya dini. Riwaya zipo chache, na nyingi ni zile zilizo kwenye orodha ya shule. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, tunaijua kwa njia hiyo: ilisomwa kidato cha tano na cha sita, ikajibiwa kwenye mtihani, nakala ikarithiwa na mdogo mtu. Ni riwaya kubwa kwa kipimo chochote, lakini jeshi la wasomaji wake haliwezi kujaza kumbi peke yake. Amil Shivji alipoifanya filamu, ikaoneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2021 na baadaye ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, ilikuwa furaha ya kweli kwetu tunaofundisha na kusoma Kiswahili. Lakini sifa za Toronto hazina basi la kuja Newala. Mtu wa huku ataiona filamu akiambiwa na mtu kwamba inafaa kuonwa.

Na huyo mtu ni nani? Nenda jirani na stendi, kwenye kibanda cha kijana mwenye kompyuta anayeingiza muvi kwenye flashi. Kwenye skrini mafaili yamepangwa: Kikorea, Kituruki, Za Kibongo, Zilizotafsiriwa, Mapigano. Nilikuwa pale dada mmoja alipofika na flashi yake akaulizia filamu iliyotoka kwenye kitabu walichosoma shule.

"Hiyo dada'angu haijachangamka," kijana akamjibu huku macho yako kwenye mafaili. "Wateja wanalalamika. Nikuwekee ya Kituruki, hutajuta."

"We umeiangalia?"

"Mimi sijaiangalia. Wateja ndo wanasema."

Akawekewa ya Kituruki. Kesi ikaisha kwa sentensi mbili, hukumu ikitoka kwa mtu ambaye hakuiona filamu wala hakusoma kitabu. Simlaumu kijana, anatafuta riziki na anamlinda mteja wake asirudi analalamika. Lakini tusijidanganye kwamba Mtwara hakuna wahakiki. Wapo, wana nguvu kuliko gazeti lolote la New York, na kipimo chao ni kimoja: imechangamka au haijachangamka. Filamu inayokwenda taratibu, inayomwacha mwanamke akae kimya dirishani hadi mtazamaji aelewe anachokiwaza, inaanguka kwenye kipimo hicho kabla haijaanza.

Nimejibiwa kwamba hilo halimuumizi mtengenezaji, kwa sababu muvi ya kwenye flashi haimpi hata senti, iwe imesifiwa au imekandiwa. Kwa upande wa fedha hoja hiyo ni sahihi na inauma. Ila haiishii kwenye fedha. Sifa ya filamu inaifuata kwenye king'amuzi, inaifuata kwa mfadhili anayefikiria riwaya inayofuata ya Kiswahili, na inakifuata kitabu chenyewe.

Hili la kitabu ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kule kwenye wasomaji wengi, filamu ikipondwa kitabu hakidhuriki. Watu husema kwa fahari "kitabu ni bora zaidi", na anayesikia hukimbilia kukinunua. Kwetu mambo yanageuka. Mwalimu mwenzangu anayefundisha Kiswahili Lindi aliniambia, "Wanangu wakisikia filamu mbaya, wanajua kitabu kibaya. Hawatenganishi." Asiyewahi kukishika kitabu atatenganisha kwa kutumia nini? Filamu ndiyo kitabu chake. Neno baya moja, lisilofafanuliwa, linaua viwili.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema tuwatie moyo wasanii wetu: tasnia ni changa, wenye kuthubutu kugusa riwaya ni wachache, mhakiki apunguze makali. Nawaelewa, na najua wanasema kwa upendo. Sikubaliani nao. Tahakiki ya kubembeleza haimsaidii mtengenezaji wala haimdanganyi yule kijana wa stendi, kwa kuwa yeye atasikia ukweli kwa wateja jioni hiyohiyo. Tena mtazamaji aliyeahidiwa filamu ya ajabu akakuta ya wastani, safari ijayo hatasikiliza mtu.

Ninachodai kwa mhakiki wa Kiswahili ni kigumu kuliko upole. Aseme mapema kama amekisoma kitabu au hakukisoma. Aseme ni onyesho lipi lililolegea, sauti ipi haisikiki, mhusika yupi ameachwa njiani. Kisha aseme, mbali na hayo, riwaya yenyewe ilikuwa na nini ambacho filamu haikukibeba. Tahakiki kali ya namna hiyo inaweza kumfanya mtu aiache filamu na bado akitafute kitabu. Neno "haijachangamka" haliwezi.

Na wapo wanafunzi wanaoitumia filamu kukwepa kusoma. Kwao nina maneno machache: maswali ya mtihani yanatoka kwenye riwaya, na filamu ya saa moja na nusu hivi haiwezi kubeba kitabu kizima. Watakaojibu kwa kukumbuka picha watafeli.

Mwalimu yule wa Lindi amepata njia yake. Anachagua sehemu moja ya Vuta N'kuvute, kwa mfano pale Yasmin, binti aliyeozwa kwa Raza mwenye umri wa baba yake, anapoikataa ndoa hiyo. Darasa linasoma kurasa hizo kwanza kwa sauti. Ndipo anawauliza: ungekuwa wewe ndiye unayeifanya filamu, ungeonesha nini, ungeacha nini, na kwa nini? Wakishaandika majibu yao ndipo wanaruhusiwa kuizungumzia filamu ya Shivji, kuisifu au kuikosoa, kila mmoja kwa kutaja ukurasa. Anasema vijana waliokuwa wakijibu kwa neno moja sasa wanakatazana, "Hapana, soma tena hapo, Yasmin hakusema hivyo." Kitabu kimoja kinazunguka kwa wanafunzi wanne, na wa nne hulalamika kwamba kinachelewa kumfikia.