Bango moja au mawili? Kibo, Mawenzi na kioo cha simu

Kampuni za utalii za Arusha na Moshi zinapotengeneza tovuti upya, ubishi huwa uleule. Bosi ana picha moja pana, ameshaigharamia, anataka iwe bango la juu ya ukurasa wa kwanza mambo yaishe. Fundi anasema ikatwe mara mbili, ya kompyuta na ya simu, na kazi hiyo ina bei yake. Bosi anasikia harufu ya ankara iliyotiwa chumvi. Mafundi wa kutia chumvi wapo, lakini kwenye hili hesabu iko upande wao.

Chukua picha ambayo kila mkazi wa Moshi ameizoea: mlima Kilimanjaro ukitazamwa kutoka kusini, kilele cha Kibo kushoto, cha Mawenzi kulia, kati yake uwanda mrefu. Upana pikseli (nukta za picha) 1920, kimo 600. Kwenye kompyuta mpakato inapendeza. Ifungue sasa kwenye simu yenye upana wa pikseli 390, bango likiwa limepangiwa kimo cha 500. Kivinjari kikiamriwa kuijaza nafasi yote, kinaishusha picha mpaka kimo kifike 500, na upana wake unakuwa 1600. Kioo kina nafasi ya 390 tu, yaani robo ya picha. Robo ipi? Tovuti nyingi hukata kwa kushika katikati, na katikati ya picha hii hakuna kilele. Kibo na mita zake 5,895 imebaki nje upande mmoja, Mawenzi na mita zake 5,149 upande mwingine. Mgeni aliyekuja kutafuta safari ya kupanda Kilimanjaro anaonyeshwa uwanda na mawingu, juu yake kitufe cha "Panda nasi". Bosi mwenyewe haoni tatizo, maana tovuti yake huikagua kwenye kompyuta ya ofisini.

Jibu la haraka ni kusogeza: weka object-position, amri inayosema sehemu ipi ya picha ishikwe, kwenye asilimia 25 na Kibo inarudi. Kwa picha nyingi hilo linatosha, na fundi mwaminifu atalijaribu kwanza. Lakini kichwa cha habari kilichokuwa kimekaa vizuri juu ya anga tupu sasa kinakanyaga theluji nyeupe kwa herufi nyeupe, na hakisomeki.

Jibu la pili ni kutokata kabisa, picha yote ipunguzwe mpaka iingie. Pikseli 1920 zikishuka hadi 390, kimo cha 600 kinabaki 122, utepe mwembamba tu. Na kama maneno yamechorwa ndani ya picha yenyewe, kosa ambalo bado lipo kwenye mabango mengi, herufi za pikseli 48 zinashuka chini ya 10. Hapo hakuna anayesoma. Maneno yabaki maandishi ya kawaida yaliyowekwa juu ya picha: yatajikunja yenyewe kufuata kioo, na mgeni Mjerumani ataweza kuyatafsiri kwa kivinjari chake.

Anachodai fundi, basi, ni hiki. Kompyuta ipewe ile pana. Simu ipewe picha ya wima, tuseme 1080 kwa 1350, ya Kibo peke yake, anga ya kutosha ikiachwa juu kwa maneno. Lebo ya picture, kwenye msimbo wa ukurasa, humwachia mwenye tovuti uamuzi: chini ya pikseli 768 tumia hii, juu yake tumia ile. Kivinjari kinapakua moja tu. Ndiyo tofauti na ufundi wa mkato wa kuziweka zote mbili kisha kuficha moja kwa amri ya display: none: picha iliyofichwa hivyo hupakuliwa pia kwa kawaida, na bando la mteja wa Kwa Mrombo, Arusha, linalipia asichokiona.

Wanaotetea bango moja nao si wavivu. Hoja yao nzito ni ya matunzo. Mwezi wa sita mfanyakazi wa ofisini anabadilisha picha kuweka nyumbu wa Serengeti, anabadilisha ya kompyuta, ya simu anaisahau. Msimu mzima wageni wa simu wanaona ofa iliyopita. Hilo hutokea, na dawa yake ni sehemu mbili za kupakia zilizokaa pamoja kwenye fomu moja, si kuacha ya simu. Wanasema pia WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, tangu toleo la 4.4 la Desemba 2015, hutengeneza yenyewe saizi kadhaa za picha na kuzipanga kwenye srcset, orodha ambayo kivinjari huchagua saizi humo. Kweli, lakini saizi hizo zina umbo lilelile: inapungua uzito, mlima haurudi. Tena bango likiwekwa kama picha ya usuli kwenye CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, msaada huo haulifikii.

Mahali wanaposhinda bila ubishi ni picha yenye kitu kimoja katikati: tembo mmoja, kikombe cha kahawa, lango la hoteli. Hapo kulipia mkato wa pili ni kupoteza hela.

Yaliyobaki hayana upande. Bango lisiwekewe loading="lazy", amri ya kuchelewesha kupakua picha, kwani ndilo la kwanza kutazamwa, na Google hutaka kitu kikubwa zaidi cha mwanzo kionekane ndani ya sekunde 2.5. Upana na kimo viandikwe kwenye lebo ya picha, maandishi yasije yakarukaruka inapofika. Simu ikilazwa, kimo cha kioo hushuka hadi 360 hivi, na bango la 500 humeza kila kitu pamoja na kitufe cha kuuliza bei; lipewe kikomo cha kimo.

Gharama kubwa ya picha ya simu hutokana na kuitafuta baada ya safari, ndani ya picha ambazo hazikupigwa kwa ajili yake. Mpiga picha anayepanda mlima kwa njia ya Machame wiki ijayo aambiwe kabla hajaondoka: kila sehemu atakaposimama apige ya kulala na ya wima, na ya wima iwe na theluthi tupu juu.